Vidole Vyangu na Gunia la Vipande

Kama umeambiwa juma hili kwamba una ukoma, huenda karatasi hizi umepewa na dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, au na mtawa, na huenda hutaki kuzisoma. Mimi nisingetaka. Ziweke chini ya mkeka, uzitoe siku utakayokuwa tayari. Sitakueleza jinsi ugonjwa huu unavyoingia mwilini wala unavyotoka. Hayo wapo wanaoyajua. Nitakueleza siku zilivyopita, na nilichofanya kwa mikono yangu wakati zinapita.

Mimi ni fundi cherehani. Sikufundishwa na mtu. Nilipokuwa kijana nilipata koti kuukuu la Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, nikalifumua lote, nikatandaza vipande vyake juu ya kitanda, nikaona mambo yaliyokuwa yamefichwa ndani ya bitana, kisha nikalishona upya. Nililifumua na kulishona tena mpaka likavalika. Kusoma nilianzishiwa katika mafundisho ya ubatizo, na baada ya hapo nimejisomea chochote kilichonifikia, hata magazeti yaliyofungiwa sukari. Kibanja chetu kiko upande wa Muleba, migomba na kahawa kama kwa kila mtu, lakini siku nyingi za juma nilikuwa Kemondo, kwenye baraza la duka moja karibu na gati, nikishona kanzu, kaptula za makarani na magauni ya sikukuu.

Ugonjwa nilianza kuuona juu ya kanzu nyeupe. Ilikuwa ya Bwana Seif, mtu wa mjini Bukoba, aliyekuwa amesimama hapo hapo akiisubiri kwa ajili ya Idi. Nilikuwa napinda mkono wa kanzu, mguu uko kwenye pedali, mara nikaona doa jekundu kwenye kitambaa kile cha bafta, kisha la pili. Nikainua kitambaa nitafute linatoka wapi. Nikatazama sindano. Nikatazama juu, kwenye dari, kama mjinga.

"Fundi," Bwana Seif akasema, "umechinja kuku humo?"

Kumbe ni kidole changu. Sindano ya cherehani ilikuwa imekwisha kupita kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ikaingia na kutoka, na mimi sikuwa nimesikia kitu. Bwana Seif aliacha kucheka. Alinitazama usoni muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, akasema kanzu si kitu, damu inatoka kwa maji baridi, lakini mimi niende hospitali.

Nilikwenda. Hospitali ya Bukoba wakati ule ilikuwa na benchi refu nje ya mlango, chini ya mabati, na mtu alisogea kutoka mwisho wa benchi kuelekea mlangoni kadiri wenzake walivyoitwa. Kushoto kwangu alikuwako mama mwenye mtoto wa kikohozi, kulia mzee mmoja wa Nshambya aliyenieleza habari zote za goti lake. Tulisogea pamoja tangu asubuhi kama watu wa ukoo mmoja. Nilipofika mlangoni dresa aliniketisha, akachukua unyoya wa kuku.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nikafumba. Nikangoja. "Hapo," nikasema.

"Hapo sijagusa."

Nikangoja tena, kwa makini, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni njiani. Hakuna kitu. Mwishowe nikamwambia, "Dresa, anza basi."

"Nimekwisha kumaliza," akasema. Hakusema kwa ukali. Nilipofumbua macho alikuwa ameuweka unyoya mezani, na mlango ulikuwa wazi. Mzee wa Nshambya alikuwa amesikia yote. Alisimama pamoja na goti lake, akaenda kukaa upande wa pili wa benchi.

Kwa Kihaya ugonjwa huu tunauita ebibembe, na katika utoto wangu neno hilo halikutamkwa wakati wa kula. Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, maana sikutaka kukaa karibu na mtu katika lori. Njia nzima nilijiuliza swali moja, na nitakueleza wazi kwa sababu ndilo lililoniongoza miaka yote iliyofuata. Sikujiuliza kama nitakufa. Nilijiuliza kama nitashona tena nguo, na mtu akaivaa.

Mke wangu Felisita nilimwambia kesho yake, mara nilipofika, nyuma ya nyumba, alipokuwa anamenya ndizi. Hakulia. Alimaliza kumenya chane aliyoishika, akafunika maganda, akauliza, "Wana dawa?"

"Wana sindano za mafuta. Iko kambi juu ya mlima, huku huku kwetu Muleba. Nitakaa huko."

"Basi utakwenda."

Lakini jioni nikaona sahani yangu imewekwa peke yake, na kikombe changu kimefungwa uzi kwenye mkono wake ili kijulikane. Uzi ule aliutoa katika kisanduku changu cha kazi. Najua sasa kwamba aliogopa kwa ajili ya watoto, na alikuwa na haki. Hata hivyo, ukikuta kikombe chako kimefungwa uzi, usidhani ni wewe peke yako uliyepata kukaa mbele ya kikombe cha namna hiyo.

Kabla sijaondoka alikuja kaka yake Felisita, Valentini, anayekaa Buhembe. Mulamu wangu huyu ni mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na kwa desturi yetu mtu na mulamu wake hutaniana bila kikomo. Siku ile hakutania. Alisimama kwenye migomba, mwanzo wa uwanja, asikubali kigoda.

"Waitu, ndugu yangu, sikuja kwa ubaya," akasema. "Nimekuja kumchukua dada yangu na watoto. Wakae kwetu mpaka mambo yaeleweke."

Kabla sijajibu, Felisita alitoka jikoni na kisu cha kumenyea. "Mimi ni mbuzi, nihamishiwe kamba? Kahawa hii nani ataichuma? Nikiondoka leo, kesho ndugu za mume wangu watakuwa wamekwisha kupima mpaka."

"Dada, mtu ana ebibembe!"

"Nimesikia. Hata majirani wamesikia, ulivyopaza sauti."

Valentini akaondoka. Aligeuka mara moja njiani, akanipungia mkono kwa mbali, na mkono ule ulinikaa rohoni kuliko maneno yake.

Kambini palikuwa na nyumba za matope zilizopangwa vizuri, kanisa dogo, chumba cha dawa, na mandhari ambayo mtu mwenye afya angeifurahia, maana ziwa lote lilikuwa chini yetu na upepo wake ulitufikia. Sindano ilikuwa siku ya Jumatano. Tulipanga mstari asubuhi na mapema, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na dresa wa pale, Anselmi, alitia mafuta yale mazito ndani ya nyama ya matako polepole kwa sababu hayakubali kwenda haraka. Jumatano na Alhamisi hakuna aliyekaa sawasawa. Ijumaa tulianza kukalia upande mmoja. Nilipofika, kahawa ilikuwa inachumwa. Mpaka senene walipoanza kuruka, nyusi zangu zilikuwa zimepungua nusu, masikio yamenenepa, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, kama vinaficha kitu. Kioo nilikigeuzia ukutani. Vidole sikuweza kuvigeuzia ukutani.

Kukaa bure kulinishinda. Nilimwomba Felisita, alipokuja kunitazama, aniletee gunia langu la vipande. Kila fundi ana gunia hilo: masalio ya kaki, ncha za bafta, pindo za marekani, ile pamba nzito ya dukani, kipande cha khanga kilichozidi, vyote vidogo mno kwa nguo na vizuri mno kutupwa. Wageni walikaa kwenye benchi lao na sisi kwenye letu, na uwanja uliofagiwa katikati. Felisita alipokuja tena alilibwaga gunia katikati ya uwanja, akarudi kukaa.

"Utashona nini na takataka hizi?" akauliza.

"Sijui bado."

"Cherehani nimeifunika kwa jamvi. Panya hawaipendi."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mapenzi kwa mwaka ule, na yalinitosha.

Nilianza na vitu vidogo kabisa: kifuko cha kuwekea kahawa za kutafuna, kitambaa cha kichwa cha mtoto, mto wa kuchomekea sindano. Nilifurahi mno hata sikutazama. Siku ya Jumatano Anselmi aliushika mkono wangu, akaugeuza, na sura yake ikabadilika. Kidole cha shahada kilikuwa kimechomwa pande zote na kimevimba mpaka kwenye kiungo, na kucha imebadilika rangi. Mimi nilikuwa nimekitumia hivyo hivyo siku nzima. Alimwita Sista, mtawa aliyeiongoza kambi, mama mfupi aliyejifunza Kiswahili kitabuni na Kihaya kwa wagonjwa.

"Hiki," akasema akikigusa kidole, "tutajaribu kukiponya. Kikiharibika hivi tena, tutakikata. Nipe sindano zako."

"Sista, mimi ni fundi."

"Ndiyo. Nataka ubaki na vidole vya fundi. Nipe."

Nilimpa. Aliziweka mfukoni, na kwa majuma mengi nilibaki nimelaza mkono juu ya kamba iliyotundikwa shingoni, nikingoja kidole kiamue. Huo ndio wakati wangu mbaya kuliko wote, wala sitautia chumvi: nililala nimeuelekea ukuta, na gunia nikalitumia kama mto.

Kidole kilipona. Kilipona polepole, mvua za masika zikinyesha, na siku Anselmi alipotoa kitambaa cha mwisho nikakiona kimesinyaa lakini kizima, nilianza kufikiri tena kwa utaratibu. Nilijiambia hivi: mkono umepoteza kusikia, lakini macho yako mawili hayajapoteza kitu. Lolote ambalo mkono ulikuwa unalijua peke yake, sasa jicho lilifundishe. Nilikwenda kwa Sista nikamwomba sindano moja tu, butu, na ruhusa ya kushona mbele ya Anselmi mpaka Jumatano ijayo.

"Na ukijichoma?"

"Utazichukua zote, na gunia utalichoma moto."

Alinitazama, akatoa sindano moja.

Haya ndiyo niliyoyafanya, nawe unaweza kuyafanya hata kama hujawahi kushona. Nilishona mchana tu, nimekaa mahali penye mwanga. Nilivaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidole, si kwenye kidole kimoja bali kwenye kila kidole kilichokaribia ncha. Zile ambazo sikuwa nazo nilizishona kwa kaki iliyokunjwa mara nyingi. Nyuma ya sindano nilitia kipande cha kizibo cha chupa, ili niishike kwa unene wake na nisiikandamize kwa nguvu, maana mkono usiosikia hukamata kila kitu kama mtu anayezama. Uzi niliukata mfupi. Na kila uzi ulipokwisha, kabla ya kutunga mwingine, niliweka kazi chini, nikageuza mikono yote miwili, nikatazama vidole kimoja kimoja, juu, chini na kati, kama mama anavyomtazama mtoto chawa. Mwanzoni niliona ni upotevu wa wakati. Baadaye nikaona kwamba ndiyo kazi yenyewe, na kushona ni kisingizio tu cha kuifanya mara nyingi.

Jumatano ile Anselmi aligeuza mikono yangu, akaigeuza tena. "Safi," akasema, kisha kwa sauti, ili mstari mzima usikie: "Fundi ni safi!" Watu wakapiga vigelegele kwa mzaha. Sista alinirudishia sindano zangu zote, pamoja na mkasi wake mwenyewe.

Sasa nilikuwa na macho ya kuona, nikaona jambo lililokuwa mbele yetu wakati wote. Vidonda vingi vya mikono pale kambini vilitoka jikoni. Mtu asiyesikia moto hutoa sufuria ya ndizi mafigani kwa mikono mitupu, huku akizungumzia mvua, na usiku malengelenge yanamjibu. Nikaamua kushona vishikio: mfuko mfupi wa mkono, wenye nafasi ya dole gumba, wa kuvaa wakati wa kupika. Nilijaribu kaki tupu, joto likapita. Nikatia pamba ya godoro, ikashika moto. Ndipo nikakumbuka lubugo, nguo yetu ya zamani ya magome ya mti. Ni nene, ni laini, haipitishi joto upesi, na katika nyumba nyingi iko kuukuu imekunjwa darini bila kazi. Felisita aliniletea furushi zima. Nikashona, nikijivuna ndani kwa ndani, vishikio vya nyumba zote za upande wetu, lubugo nje na ndani, vimezungushiwa uzi mweupe. Jumapili baada ya misa nikavigawa.

Hakuna aliyevichukua. Watu walivitazama mikononi mwangu kama nimewaletea nyoka.

Mwishowe mtu mmoja anayeitwa Gozberti, mcheshi wa kambi, akasema, "Fundi, tunakushukuru. Ila umeanza mapema. Wengine wangengoja tufe kwanza."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa na furaha. Nilikuwa nimefikiri kama fundi tu: unene, joto, uimara. Nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Buhaya analijua, kwamba miaka ile, watu walipokuwa wamekwisha kuzoea kuvaa marekani, lubugo ilitolewa darini siku ya msiba, kumfunga marehemu. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya wagonjwa, nawataka waiingize mikono yao humo.

"Ametushonea sanda kwa vipande," mwingine akasema. "Leo mikono, kesho miguu."

Hapo akasukuma watu na kuja mbele Ma Kokugonza, bibi aliyekuwa pale kambini kabla yetu sote, ambaye mikono yake ilikuwa imebaki na vidole vichache. "Nipisheni, watoto wa marekani!" akasema. "Mnajua nini kuhusu lubugo? Mama yangu alinibeba mgongoni kwa lubugo. Niliolewa nimevaa lubugo, tena nyekundu, na mume wangu alishindwa kumeza mate. Wafu ndio walioazima kwetu. Lete hapa, fundi."

Akavivaa viwili, akajitazama mikono kama bibi harusi, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la watu lililokuwa karibu, akainua sufuria iliyokuwa inachemka, akaizungusha uwanjani mbele ya kila mtu.

"Bibi, utaimwaga!" mwenye sufuria akapiga kelele.

"Nikiimwaga utapika nyingine. Mimi nikiungua utanipa mkono wako?"

Aliitua. Akavua vishikio, akanyoosha mikono yake mbele ya Gozberti. "Tazama. Kuna lengelenge?"

"Hakuna, bibi."

"Basi chukua chako ufunge mdomo."

Wengi walichukua siku ile. Kwa waliobaki na hofu niliweka lubugo ndani na kipande cha khanga juu, nikiwaambia wazi kilichomo, nao wakasema wanajua, ila jicho lipate kupumzika. Baada ya vishikio tukashona vifuniko vya mpini wa jembe, na soksi nene za kuvaa ndani ya kandambili za mpira wa gari, na mikanda ya kushikia kijiko kwa wasio na vidole. Nasema tukashona kwa sababu hata Gozberti alikuja. Tulikaa kwenye duara, na uzi wa mtu ulipokwisha alimpa jirani mikono yake aitazame, maana jicho la mwenzako halikuhurumii. "Onyesha, mvivu!" "Ya kwako je, imeoshwa lini?" Jumatano, mstari wa kufungwa vidonda ukaanza kuwa mfupi kuliko mstari wa sindano. Anselmi alisema kwa masikitiko ya uongo kwamba tunamnyima kazi.

Kisha vikaja vidonge. Sindano za mafuta zikakoma, nasi tukakaa sawasawa kwenye mabenchi siku zote za juma, jambo ambalo tulilifurahia kama watoto. Sitakuficha kwamba vidonge navyo vilinijaribu: kuna majira ya kahawa niliyoyapitisha kwa homa, uso umevimba, mwili wote una mapele yanayouma, na nilidhani ninarudi nyuma. Sista alisema ngoja. Nikangoja. Felisita alikuja wakati huo, akanikuta nimelala, na kwa mara ya kwanza alivuka uwanja uliofagiwa. Hakuna aliyemwita arudi. Aliketi kwenye mkeka wangu, akashika kazi niliyokuwa nimeiacha nusu, akaendelea kuishona vibaya.

"Mshono gani huo?" nikamwambia.

"Wa mtu mwenye mume mgonjwa. Pona uufumue."

Nilipona, nikaufumua. Vipimo vya ngozi walivyonichukua masikioni vikarudi vizuri. Wakarudia, vikarudi vizuri tena. Na baada ya msimu mwingine wa senene wakarudia mara ya mwisho. Sista aliniita, akaniambia niende nyumbani. Nilikuwa na vidole vyote. Viwili vimejikunja, kimoja kimesinyaa, lakini viko, navyo vinashika sindano. Nilitoka chumba kile nikatembea mpaka ukingo wa mlima, nikapaza sauti kuelekea ziwani, neno lisilo na maana yoyote. Watu walionisikia chini walidhani kuna moto.

Ungedhani ndio mwisho, lakini swali langu lilikuwa na nusu yake ya pili. Kushona nilikuwa nimepata. Kuvaliwa bado.

Kule Kemondo nafasi yangu barazani ilikuwa imechukuliwa, kwa hiyo niliweka cherehani mlangoni kwetu. Felisita alikuwa amekwisha kufungua uzi kwenye kikombe changu, sijui siku gani. Watu walikuja kunisalimu, hawakuwa wabaya. Walisimama, wakasifu nilivyonenepa. Vifuko vyangu vya kahawa na vishikio vya sufuria walivichukua, maana binti yetu Ana alivipeleka gulioni na kuvitundika. Lakini nguo, hakuna. Mwenye kitambaa alikumbuka ghafla kwamba amekisahau nyumbani, au kwamba amekwisha kumwahidi fundi mwingine. Mvua zilinyesha zikaisha. Nilipaka cherehani mafuta, nikashona vipande, nikajiambia kwamba mtu anaweza kuishi kwa vipande.

Asubuhi moja, kahawa zikiwa zimeanikwa uwanjani, nikasikia sauti yake kabla sijamwona. Valentini alikata katikati ya uwanja, akaingia mpaka mlangoni, akanitupia mapajani jora la bafta nyeupe.

"Mulamu, naozesha binti. Nataka kanzu. Na usiniambie una kazi nyingi, nimekwisha kuuliza huko njiani, huna."

Nilishika kitambaa. Kilikuwa kizuri, cha bei. Nilitaka kumrahisishia, nikasema, "Niletee kanzu yako ya zamani. Nitakata kwa kuifuata, haina haja ya kusumbuka."

"Ile ilishonwa nikiwa bado naogopa baba mkwe. Tazama tumbo hili. Nipime."

"Valentini, kupima ni kushika."

"Kwani nilidhani kupima ni kupiga mluzi?" Alikuwa anajaribu kutania, lakini jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na niliona kwamba ametoka nalo tangu Buhembe. "Nilisimama kule kwenye migomba siku ile," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Unajua. Basi. Nimekuja. Nipime, waitu, kabla sijachoka kuwa mtu mwema."

Kutoka jikoni Felisita akapaza sauti: "Umpime tumbo mara mbili! Likiona futi linajificha!"

"Dada, nyamaza, wanaume wanafanya kazi!"

Majirani wawili waliokuwa wanapita njiani na ndoo zao walikuwa wamesimama. Valentini aliwaona. Aliwageukia kabisa, ili wasikose kitu, akavua koti akaliweka juu ya cherehani yangu, akanyoosha mikono yake yote miwili pembeni, akainua kidevu.

Nilichukua futi. Nikageuza mikono yangu kwanza, juu, chini na kati, kama nilivyozoea. Kisha nikasogea, nikamwekea vidole vyangu shingoni, nikaanza kazi.